Trekta la Zamani Lisilo na Jina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka Ismani ukapita Makambako hadi Mbozi, hukosi kuliona: trekta la siku nyingi limekaa nyuma ya ghala au chini ya mparachichi, boneti halina, kibao kimeng'olewa, na kila mzee kijijini analiita kwa jina analolijua yeye. Mwenye nalo anataka kulifufua, au kuliuza, au anataka tu kujua marehemu baba alikuwa akiendesha kitu gani. Maswali hayo huongezeka kuanzia Septemba, mvua ikishanukia. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu.

Shikamoo fundi. Baba ameacha trekta lisilo na kibao wala maandishi. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kuyasahau mabati. Boneti, grili, madigadi, kiti na taa ni vitu vya bolti nne tano, na kwa miaka sitini vimeshahama kutoka trekta hadi trekta. Tazama chuma kizito.

Matrekta mengi ya zamani hayana chesisi kama gari. Injini, giaboksi na difu (nyumba ya gia za ekseli ya nyuma) ndiyo mifupa yenyewe: vipande vitatu vizito vilivyofungwa kimoja nyuma ya kingine. Ndiyo maana ni rahisi kukata trekta katikati na kulifunga na jingine, na huku kwetu jambo hilo limefanyika sana. Injini ni ya hili, giaboksi ni ya lile, difu ilitoka shamba lililofungwa zamani. Kwa hiyo usiulize mara moja "hili ni trekta gani?" Uliza mara tatu: injini ni ya nini, giaboksi ni ya nini, nyuma ni ya nini. Majibu yakilingana, umelijua trekta lako. Yasipolingana pia umelijua, maana sasa unafahamu kila kipande utakitafutia spea kwa jina gani.

Hatua ya kwanza haihitaji hata spana. Hesabu paipu nyembamba za chuma zinazotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli juu ya kila silinda: tatu ni silinda tatu, nne ni silinda nne. Kama badala ya nozeli kuna plagi na waya zake, hiyo ni injini ya petroli au ya mafuta ya taa. Ya mafuta ya taa hujitambulisha kwa matangi mawili, dogo la petroli ya kuwashia na kubwa la kufanyia kazi. Kisha hesabu mikono ya gia na gia zenyewe. Andika kila kitu kwenye daftari kabla hujaanza kusikiliza maoni ya majirani.

Namba zipo nyingi kila mahali kwenye chuma. Ipi ndiyo namba ya trekta?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Gusa kwa kidole. Namba iliyovimba, inayojitokeza juu ya chuma, ilitoka kiwandani pamoja na kipande kile kikimiminwa. Matrekta maelfu yana namba hiyohiyo, na hata kiwandani kwenyewe hawataweza kukuambia trekta lako ni lipi kwa kuitazama. Namba iliyozama, iliyogongwa kwa nyundo na mihuri, hiyo ndiyo ya trekta moja au injini moja.

Lakini usizidharau namba zilizovimba. Kama kibao hakipo, ndizo zitakazosema ukoo wa kipande. Za Massey Ferguson kwa kawaida zina M karibu na mwisho: M1, M91, M92. Za David Brown huanza na K. Za International huwa na R karibu na mwisho, na mara nyingi herufi I na H zimepandana pembeni. Za Fordson Major zina E1A; za Fordson Dexta zina 957E. Za Ford zilizokuja baadaye huanza kwa herufi na tarakimu zenye mwaka ndani yake: C ni miaka ya 1960, D ni miaka ya 1970, E ni miaka ya 1980, na tarakimu inayofuata ni mwaka wenyewe. C5NN maana yake kipande kilichorwa mwaka 1965, D5NN ni 1975. Huo ni mwaka wa mchoro, si wa kuundwa kwa trekta lako. Kipande cha C5NN kiliweza kuendelea kufungwa kwenye matrekta kwa miaka mingi baadaye.

Namba zilizogongwa zitafute mahali patatu: kwenye dashibodi chini ya usukani, ambako Ferguson na Massey huweka kibao, kwenye ubavu wa injini karibu na pampu, na kwenye ubapa wa chuma pale injini inapokutana na nyumba ya klachi. Mahali pa mwisho hufunikwa na matope ya grisi yaliyokauka mpaka yamekuwa kama lami.

Kibao kipo ila kimeliwa na kutu. Nakisomaje?

Weka grainda mbali. Brashi ya waya ya kuzunguka pia weka mbali, maana namba zilizogongwa kwenye kibao cha bati hazina kina, na dakika moja ya grainda inatosha kuzifuta kabisa.

Loweka kwa dizeli usiku kucha, kwa kitambaa kilichofungwa juu yake. Asubuhi sugua taratibu kwa mswaki wa zamani. Kausha, kisha paka chaki au unga wa sembe juu yake na ufute kwa kiganja. Unga unabaki kwenye mashimo ya namba na uso wa kibao unabaki mtupu. Halafu subiri jioni, washa tochi ya simu na uishike pembeni kabisa, mwanga uteleze juu ya kibao, usiumulike uso wake. Tatu na nane ndizo hufanana sana; geuza tochi upande wa pili uone kama duara limefungwa au liko wazi. Ikishindikana, weka karatasi juu na kuipaka kwa penseli laini.

Ukikuta kibao kinang'aa na namba zake zimekaa safi ilhali trekta lote limechakaa, jiulize kimetoka wapi.

Rangi inasaidia?

Inasaidia kama ni ya kiwandani. Ile ya juu huenda ilipakwa na fundi wa mtaani kwa kopo alilokuwa nalo. Kwangua kwa kisu mahali ambapo mpakaji rangi hakufika: nyuma ya betri, ndani ya ukingo wa boneti, chini ya dashibodi, nyuma ya kibao chenyewe.

Kijivu kitupu mpaka kwenye injini ni Ferguson ya hadi 1956. Mabati ya kijivu na injini ya rangi ya shaba au dhahabu ni Ferguson 35 ya mwanzo, ya 1956 na 1957. Bluu yenye ringi za rangi ya chungwa ni Fordson. Bluu yenye ringi za kijivu au nyeupe, kwa kawaida ni Ford ya kuanzia katikati ya miaka ya 1960. David Brown ilikuwa nyekundu hadi 1965, kisha ikageuka nyeupe na rangi ya chokoleti. Kwa hiyo ukikwangua 990 nyeupe ukakuta nyekundu chini yake, huenda ni ya kabla ya mabadiliko iliyopakwa upya ionekane changa. Kijani yenye ringi za njano ni John Deere. Ukikuta kijani na halina rejeta kabisa, bali feni kubwa na mapezi ya chuma ya kupoozea silinda kwa upepo, hiyo ni Deutz ya Ujerumani.

Nyekundu haisemi kitu. Massey, International, Zetor na David Brown ya zamani zote zilikuwa nyekundu, na juu ya hizo kuna zile zilizopakwa nyekundu hapahapa.

Kila mtu anasema ni "Massey". Ni kweli?

Huenda ni kweli, lakini jina hilo huku limebeba mambo mengi. Tulichambue.

La kwanza kulichambua katika ukoo huu ni Ferguson TE20, lile dogo la kijivu. Liliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956 na kampuni ya Standard Motor kwa ajili ya Harry Ferguson, na yalitoka zaidi ya 500,000. Utalitambua kwa gia: mkono mmoja tu, gia nne za mbele na moja ya nyuma, na stata huwashwa kwa kuusukuma mkono huohuo wa gia mpaka kwenye herufi S. Herufi ya tatu kwenye kibao husema mafuta: TEA ni petroli, TED ni mafuta ya taa, TEF ni dizeli. Shafti yake ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha vifaa, ni nyembamba, inchi 1⅛, ilhali vifaa vya leo vinataka inchi 1⅜. Mtu akikuambia anataka kufunga mashine ya kukoboa kwenye Ferguson ya kijivu, mpime hapo kwanza.

Kisha likaja 35. Mikono ya gia ikawa miwili, mmoja wa kuchagua gia na mwingine wa nzito na nyepesi, ukapata sita za mbele na mbili za nyuma. Likiwa na maneno Massey-Harris-Ferguson kwenye kibao, ni la miaka ya 1950, kabla kampuni haijafupisha jina. Dizeli za mwanzo za 35 zilikuwa na injini ya Standard 23C yenye silinda nne. Injini ile haipendi baridi hata kidogo, na Njombe au Makete mwezi wa Julai wamiliki wake walikuwa wakijua asubuhi ni ya kusukumana. Kuanzia 1959 ikawekwa Perkins ya silinda tatu, 3.152, na hapo 35 ikawa trekta kweli. Kwenye kibao, namba inayoanza na SDM ni dizeli ya silinda nne na SNM ni ya silinda tatu. Ukikuta SDM lakini paipu za nozeli ni tatu, mtu alishachoka na 23C akaing'oa. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Mwishoni mwa 1964 likaingia 135, na ndilo watu wengi wanalolifikiria wakisema Massey. Injini bado ni Perkins ya silinda tatu, ujazo uleule. Tofauti ya macho ni boneti: 35 lina pua ya mviringo, 135 lina uso wa pembe nne. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu mabati. Boneti la 135 linakaa juu ya 35 kwa kuchomelea vipande viwili vitatu, na lipo linalotembea hivyo barabara ya Mlowo bila aibu.

Yale makubwa ni 65 la kuanzia 1958 na mrithi wake 165. Ukihesabu silinda nne za Perkins na ringi za nyuma zikawa kubwa na nzito zaidi, tafuta huko kwanza.

Kwenye matrekta haya madogo kuna alama moja ya mbele isiyodanganya. Ferguson, 35 na 135 zina fimbo mbili za usukani, moja kila upande wa injini, zinazotoka chini ya dashibodi kwenda kila gurudumu la mbele. Kama fimbo iko upande mmoja tu, na hakuna dalili kwamba nyingine iliondolewa, una sababu ya kutilia shaka jina la Massey.

Langu ni la bluu. Ni Ford au Fordson?

Fordson ilitengenezwa Dagenham hadi 1964. Baada ya hapo kiwanda kikahamia Basildon na jina likawa Ford tupu. Fordson kubwa ya dizeli, New Major, ilianza 1952. Ilifuatiwa na Power Major mwaka 1958 kisha Super Major. Zote hizo zina injini ya silinda nne ya lita 3.6, nzito, ya kulimia udongo mgumu wa mfinyanzi, na pampu ya Simms ambayo silinda zake zimejipanga mstari mmoja. Ndogo ni Dexta ya 1957, silinda tatu, na Super Dexta iliyoifuata mwaka 1961.

Ford za Basildon, yaani 2000, 3000, 4000 na 5000, zina kitu kizuri sana kwa mtu anayetafuta umri: tarehe ya kuzaliwa imegongwa kwenye chuma, karibu na stata, pale injini inapokutana na nyumba ya klachi. Tuseme umesafisha ukakuta 8C21B. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na I ikirukwa, zinazofuata ni tarehe, na herufi ya mwisho ni zamu ya wafanyakazi. Kwa hiyo ni Machi 21 ya mwaka unaoishia na 8. Ni 1968 au 1978? Kama trekta ni 5000, lilikoma 1975 na nafasi yake kuchukuliwa na 6600 na wenzake, basi ni 1968. Vipande vingine vya Ford vina tarehe za aina hiyohiyo zilizovimba kwenye chuma chenyewe. Zikipishana kwa wiki chache ni sawa. Zikipishana kwa miaka, umeshajua kilichotokea.

Wazee wanasema liliachwa na Wajerumani. Wengine wanasema lilitoka mradi wa karanga Kongwa.

Wazee waheshimiwe, lakini tuulize miaka. Utawala wa Wajerumani huku uliondoka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Trekta lenye haidroliki ya kunyanyua jembe kwa mikono mitatu ya nyuma halikuwepo siku hizo. Ni kweli walowezi wa Kijerumani waliendelea kulima Mufindi na Iringa hadi Vita vya Pili vilipoanza 1939, na kama babu yako alifanya kazi kwa mmoja wao, hadithi inaweza kuwa na mzizi. Hata hivyo Ferguson ya kijivu ilianza kutoka 1946. Hesabu haikubali.

Kongwa vivyo hivyo. Mradi wa karanga ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikauacha 1951, baada ya kujaribu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine zake zilizosifika zilikuwa makatapila ya kung'oa visiki, pamoja na Shervick, ambayo kampuni ya Vickers iliiunda kwa vipande vya vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Kitu cha minyororo chenye asili ya kifaru, sawa, tuzungumze Kongwa. Massey 35 haiwezi kutoka Kongwa kwa sababu mradi ulipokufa ilikuwa haijachorwa.

Asili zinazowezekana zaidi huku si za kusisimua hivyo. Ismani wakulima wa mahindi walikuwa na matrekta yao tangu miaka ya 1950, kabla mashamba yao hayajatwaliwa kuwa ya ujamaa mwaka 1971. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yalihitaji kuvuta matela. Njombe kulikuwa na mashamba ya miti ya miwati. Baadaye yakaja mashamba ya serikali chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, na vyama vya ushirika. Mashamba yalipofungwa au kubinafsishwa, matrekta yalitawanyika vijijini, mengi bila karatasi. Kama unataka historia ya trekta lako, mtafute dereva mstaafu wa shamba la jirani. Madereva hukumbuka matrekta vizuri kuliko mameneja.

Kuna herufi za Kichina, au zile za Kirusi. Hapo je?

Nenda moja kwa moja kwenye spana, ni kipimo kizuri hata kama herufi zimefutika. Vyuma vya Uingereza na Marekani vya enzi hizo vimefungwa kwa nati za inchi. Vya China, Urusi, Poland, Cheki na Italia ni vya milimita. Chukua spana ya 17 na ya 14. Zikikaa barabara bila kucheza, ni trekta la milimita. Kwenye nati ya inchi 9/16, ya 14 inakataa kuingia na ya 15 inazunguka. Kwenye 11/16, ya 17 inakataa na ya 18 inacheza. Usipime kwa spana ya 19. Inchi ¾ ni milimita 19.05, kwa hiyo 19 inaingia kotekote na itakuambia unachotaka kusikia.

Ya Kichina yanatajwa sana Usangu, kwa sababu shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Maarufu ni Dongfanghong ya kiwanda cha Luoyang. Herufi za Kirusi kwa kawaida ni Belarus ya kiwanda cha Minsk: MTZ-50 ilianza miaka ya 1960, MTZ-80 miaka ya 1970. Baadhi ya injini za MTZ zina injini nyingine ndogo ya petroli ubavuni, kazi yake ni kuiwasha kubwa. Ukiiona, usiitupe ukidhani ni takataka. Ukikuta Valmet, hiyo ni ya Ufini, na nyingi ziliunganishwa Kibaha miaka ya 1980, kwa hiyo bado si kongwe sana.

Nitajuaje kama injini si ya trekta hili?

Angalia mahali injini inapokutana na nyumba ya klachi. Bati la kati lililokatwa kwa gesi, matundu yaliyotobolewa upya, mabano ya kuchomelea chini ya rejeta, ekzosi inayopinda kukwepa kitu: hizo ni alama za ndoa ya gereji.

Kisha soma namba ya injini. Jina la Perkins za zamani ni hesabu. 3.152 ni silinda tatu, inchi za ujazo 152, yaani kama lita 2.5. 4.236 ni silinda nne, inchi 236. Kuanzia 1974 Perkins walibadilisha namba: herufi mbili za mwanzo ndizo aina ya injini, CE ikiwa ni AD3.152 na LD ikiwa ni 4.236, U ya katikati ni Uingereza, na herufi ya mwisho ni mwaka. A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976, na kuendelea. 135 la 1968 lenye injini inayoishia na herufi H, basi injini imekuja baadaye.

Kama namba imefutika na silinda hedi imeshafunguliwa, pima. Perkins 3.152 ina silinda ya milimita 91.4 kwa kipenyo na piston inasafiri milimita 127. 4.203 ina vipimo vilevile, imeongezewa silinda moja tu. 4.236 ni 98.4 kwa 127. Fordson Major ya dizeli ni 100 kwa 115. Kumbuka kuuliza kama silinda zilishachongwa kuongezwa ukubwa. Msafara wa piston haubadiliki kwa kuchonga, kwa hiyo ndio wa kuaminiwa.

Dinamo na stata za Lucas nazo huwa zimegongwa tarehe kwenye ganda. Dinamo ya 1962 haithibitishi kwamba trekta ni la 1962, lakini dinamo, stata na kibao vikitaja mwaka mmoja, mimi huacha kubishana.

Spea bado zipo?

Kwa Perkins ya silinda tatu, zipo kuliko za magari mengi ya kisasa. Sababu ni kwamba matrekta haya yaliendelea kuzaliwa kwingine: TAFE kule India na Millat kule Pakistan zilitengeneza Massey kwa leseni, IMT ya Yugoslavia ililichukua 35, Ursus ya Poland ikaunda 2812 kwa mchoro wa Massey. International B-275 nayo iliendelea India ikiwa Mahindra. Kwa hiyo usiende dukani Mwanjelwa kuulizia "spea za trekta la 1961". Taja injini: "ringi za piston na silivu za Perkins 3.152". Beba kipande cha zamani mkononi, si picha tu.

Shida iko kwenye vitu visivyo vya injini. Gia za Fordson Major, haidroliki za David Brown, na karibu kila kitu cha 23C utavipata kwa trekta lililokufa, si kwa duka.

Kadi ya usajili ina namba isiyofanana na kibao.

Linganisha na namba ya injini kwanza. Kwenye kadi za zamani unaweza kukuta namba ya injini imeandikwa palipotakiwa namba ya chesisi, kwa kuwa chesisi yenyewe haipo. Zikikataa zote, usinunue mpaka muuzaji aeleze, na aeleze mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kama trekta ni lako na injini ndiyo iliyobadilishwa, marekebisho hufanywa TRA. Usigonge namba mpya mwenyewe.

Mnunuzi wa chuma chakavu anataka kulichukua kwa kilo. Nimpe?

Usimpe leo. Hata trekta lisilofufuka lina pampu ya dizeli, stata, haidroliki, krenkshafti, ringi na difu, na kila kimoja kuna mtu Rujewa au Mafinga anakitafuta. Lichambue, andika kila kipande ni cha nini, ndipo mabaki uyapime kwa kilo. Ukigundua ni Ferguson ya kijivu iliyokamilika, mabati na kibao vikiwa vyake, mshirikishe mtu anayeyajua kabla hujataja bei. Uingereza watu wanayakusanya, ingawa gharama ya kulisafirisha kutoka hapa Mbeya itamaliza faida. Thamani yake ni hapahapa, kwenye tela la mahindi.

Limekaa miaka mingi. Naweza kuliwasha kwanza ili nisikie ni injini gani?

Mlio hautakuambia kitu ambacho paipu za nozeli hazijakuambia. Na kulivuta kwa trekta jingine likiwa kwenye gia, kama wengi wanavyofanya, kunaweza kuvunja piston zilizoshikana na kutu.

Toa nozeli, mimina oili kidogo kila silinda, liache siku kadhaa. Zungusha injini kwa mkono kupitia puli ya mbele, ukisikiliza mahali inapogoma. Oili ya chini uimwage yote. Ikitangulia kutoka maji, tafuta ufa au gasketi kabla ya jambo jingine. Panya hupenda kujenga kwenye mdomo wa hewa, kwa hiyo safisha huko. Na kabla ya kuunganisha betri, vuta kebo ya kuzimia uone kama inafika kwenye pampu na kurudi. Dizeli hizi za zamani hazizimwi kwa ufunguo, na pampu iliyokaa muda mrefu inaweza kukwama ikiwa wazi. Awepo mtu pembeni ameshika ubao bapa au gunia nene la kuziba mdomo wa hewa, na asimame kando ya feni, si mbele yake.